Hotuba ya Uzinduzi wa Mtafunachuma, Mamba Mpambe

Mheshimiwa Meya wa Santa Tecla de la Ciénaga. Waheshimiwa Madiwani wote saba, wakiwemo wawili waliokwisha kusinzia. Padre Wilfrido, uliyetuazima kitambaa cha altare ili kiwe pazia la filamu. Mwalimu Mkuu, uliyefunga madirisha ya shule yako mchana huu wa joto ili jua lisituharibie picha. Malkia wa Kanivali wa mwaka huu, na malkia wote waliomtangulia ambao bado wanaweza kupanda ngazi. Kinyozi Osvaldo, mwakilishi wa wale wote ambao hawakualikwa ila wamekuja. Na kwa namna ya pekee kabisa Doña Eufrasia Polo, mjane wa Nicanor Bolaño, uliyekalia kiti cha mbele tangu saa saba na upepeo wako mkononi, ukisubiri kitu kimoja tu. Itifaki imezingatiwa.

(Makofi. Osvaldo anasema kwamba itifaki ameshaiona, sasa anaomba aione filamu.)

Nakushukuru, Osvaldo, kwa mchango wako. Mimi, Eliécer Támara Oñate, Mkurugenzi Mstaafu wa Idara ya Utamaduni, Utalii na Uzuiaji wa Mafuriko, ambaye mnaniita daktari kwa sababu tu niliwahi kukaa nyuma ya meza kubwa, ingawa sijawahi kutibu hata kuku, nimeinuka kutoka kitandani mwangu, kinyume cha ushauri wa daktari wa kweli wa kule Barranquilla aliyenipa muda hadi Pasaka, ili niwasilishe mbele yenu taarifa ya utekelezaji wa Mradi Shirikishi wa Filamu ya Katuni kwa Familia, ulioasisiwa miaka ishirini na mitatu iliyopita chini ya uongozi thabiti, wenye maono, na usiochoka, ambao kwa unyenyekevu nalazimika kusema ulikuwa wangu.

(Makofi machache. Diwani mmoja anaamka, anapiga makofi peke yake, kisha anasinzia tena.)

Kama mnavyokumbuka, filamu yetu inamhusu Mfalme Korongo, mhalifu mkuu, anayetaka kuikausha ciénaga yote, kinamasi chetu kinachotulisha, ili samaki wawe wake. Lakini korongo ana miguu kama vijiti vya kuchokolea meno. Hawezi kumtisha mtu. Ndiyo maana ana mpambe, Mtafunachuma, mamba katili kuliko wote waliopata kuota jua kwenye tope letu, anayetafuna injini za boti na kutema skrubu mojamoja. Na kwa nini mnyama mwenye nguvu kiasi hicho anamtumikia ndege? Swali hilo lilijadiliwa katika semina ya siku nne kule Cartagena, tukaafikiana kwamba korongo humsafisha meno kila asubuhi. Basi. Hakuna malipo mengine. Mamba huyo huvunja mitumbwi, hutawanya familia za kasa, hula madaraja, kwa ajili ya kuchokolewa meno.

(Osvaldo anasema anawajua watu kadhaa wa namna hiyo, na mmoja wao ameshika kipaza sauti. Kicheko.)

Nitafika huko, Osvaldo.

Katika kipindi cha utekelezaji tuliunda Kamati Kuu ya Ukali, ikazaa Kamati Ndogo ya Meno ya Juu na Kamati Ndogo ya Meno ya Chini, ambazo hazikuwahi kukutana katika chumba kimoja. Kati ya meno sitini na manane yaliyopendekezwa, sitini na sita yaliidhinishwa, sawa na asilimia tisini na saba, mafanikio ambayo hakuna manispaa nyingine kando ya mto huu iliyoyafikia. Wavuvi walitaka mamba apigwe risasi. Padre aliyemtangulia Padre Wilfrido alitaka atubu. Umoja wa Akina Mama ulitaka awe wa kutisha sana, ila si karibu na saa ya watoto kulala. Tukaazimia kwa kauli moja kwamba apigwe risasi, atubu, kisha arudi kazini.

(Makofi. Malkia wa mwaka juzi anauliza kama kuna maji ya kunywa.)

Maji yamo katika awamu ya pili.

Sasa nizungumzie sauti. Wagombea kumi na wanne walinguruma mbele ya jopo, na mshindi hakuwa na mpinzani. Nicanor Bolaño aliuza samaki wa bocachico akiwa ndani ya mtumbwi wake, na aliponadi samaki ng'ambo hii, wanawake wa ng'ambo ile walikuwa wanaweka sufuria motoni. Alikuja ofisini kwangu siku ya Alhamisi, akavua kofia, akaniuliza mamba huyo ana hasira ya nini. Nikamwambia hana hasira, ni mtumishi tu. Akafikiri kidogo, kisha akanguruma mbele ya kinasa sauti changu mpaka picha ya Rais ikaanguka ukutani. Miezi mitatu baadaye moyo wake ulisimama katikati ya mto, samaki wake wakiwa bado hai. Na mimi, mbele ya kaburi lililo wazi, nilimshika mkono Doña Eufrasia nikamwambia: usilie, doña, utamsikia tena, na ukumbi mzima utatetemeka.

(Upepeo wa Doña Eufrasia umesimama.)

Mwaka uliofuata, Bogotá ilituletea mkaguzi. Aliwasili Jumanne ya mwisho ya kanivali, siku kama ya leo, tunapomzika Joselito, sanamu ya matambara, na kumlilia kama ndugu. Ila mwaka ule, kwa heshima ya mradi, mlimwacha Joselito nyumbani mkambeba Mtafunachuma wa magunia, urefu wa mita tano, ndani ya jeneza lililomwacha mkia nje. Mkaguzi alikuwa mtu wa milimani, mwenye koti la sufi, hajawahi kuiona kanivali. Akakuta mji mzima umevaa nyeusi, wanaume wenye masharubu wamevaa sketi za wajane na kuzirai kwa zamu. Akamuuliza mmoja wao, ambaye leo ni kinyozi wetu, kumetokea nini.

(Osvaldo, kwa sauti ya chini: "Nilimwambia amekufa Mtafunachuma, mkuu, na hakuacha hata yatima wa kumlilia. Kisha nikamwangukia kifuani.")

Na mkaguzi akaandika, nanukuu kwa kuwa nimeihifadhi, kwamba filamu imekamilika, imeonyeshwa, na athari yake kwa jamii ni kubwa kupita kiasi. Ndipo ikaja medali hii, mapema kidogo kabla ya kukamilika kwa baadhi ya hatua za awali. Nami nikainamisha shingo, wakanivisha. Ilikuwa raha, ndugu zangu. Nilihisi kama nasafishwa meno.

(Hakuna anayecheka. Doña Eufrasia anasema, bila kusimama: "Eliécer, nina miaka themanini na mmoja. Kila Jumapili baada ya misa nakuuliza lini, nawe unaniambia karibuni. Washa hiyo mashine.")

Ndiyo, doña. Namalizia.

Ninaposema "Ciénaga ni uhai," mtaitikia "Na mamba ni wetu." Ciénaga ni uhai.

(Wachache: "Na mamba ni wetu.")

Ukali wenye uratibu.

(Padre Wilfrido peke yake: "Na mamba ni wetu.")

Inatosha. Kwa kumalizia nawashukuru. Namshukuru Padre kwa kitambaa, ambacho leo hakitaangukiwa na picha yoyote. Nazishukuru kamati zote mbili za meno, kwa sababu mpaka leo hakuna jino hata moja lililochorwa. Nawashukuru ninyi nyote mliolia siku ile, maana machozi yenu ndiyo filamu pekee tuliyowahi kutengeneza. Hakuna filamu. Haikuwahi kuanza. Chini ya nguo hii iliyofunika mashine hapa mezani hakuna projekta, kuna redio ya kaseti. Kanda ya Nicanor imelala kabatini mwangu miaka yote hii, chini ya boksi la medali. Ningeitoa, mngeuliza filamu iko wapi. Kwa hiyo nilimnyima mjane sauti ya mumewe ili shingo yangu isibaki tupu. Mtafunachuma angeona aibu. Doña Eufrasia, sikuombi unisamehe, nakuomba usikilize. Dakika tisa ni ngurumo. Mwishoni alidhani nimezima kinasa sauti. Asanteni kwa kunisikiliza.

(Anabonyeza. Mamba ananguruma, kioo cha dirisha kinatikisika, madiwani wote wawili waliosinzia wanaamka. Dakika tisa hakuna anayekohoa. Kisha inasikika sauti ya mwanamume anayehema na kunywa maji: "Imetosha, daktari? Niache niende. Eufrasia ameshapakua supu ya sancocho, na nikichelewa nitakutana na mamba wa kweli." Kiti kinavutwa. Kanda inakatika.

Doña Eufrasia amejifunika uso kwa upepeo, mabega yanatikisika, na watu hawajui kama analia au anacheka. Kisha anaushusha.

"Mwongo huyo," anasema. "Sikuwahi kumpakulia kabla hajafika. Irudishe, Eliécer. Mwanzo kabisa.")