Kata ya Chui Aliyekerwa

Jumatatu, 3 Machi

Siku tukufu! Mwalimu wetu wa karate ametangaza kwamba Jumapili kila mwenye mkanda wa kijani ataonyesha kata aliyoibuni mwenyewe. Atakayetia fora atakuwa msaidizi wake. Msaidizi! Anasimama mbele. Anahesabu kwa sauti. Wenzake wanamwinamia.

Wenye mkanda wa kijani tuko wawili tu, mimi na Kinyozi. Mimi nimeutolea jasho miaka sita. Yeye miwili. Bahati tu, wala si kingine.

Nimemweleza mke wangu kwamba kata ni mfululizo wa mapigo dhidi ya adui asiyekuwepo. Akasema basi safari hii huenda nikashinda. Nimeshukuru kwa kunitia moyo.

Yangu itakuwa na hatua ishirini na saba. Jina: Chui Aliyekerwa. Mke wangu akauliza kakerwa na nini. Watu wa nyumbani hawaelewi sanaa.

Jumanne, 4 Machi

Mazoezi kazini. Mimi hufua na kupiga pasi nguo za hoteli, na chumba cha pasi kina nafasi nzuri kati ya meza na reli ya mashati. Nzuri, ila si kubwa. Hatua ya tisa ni teke la kuzunguka. Mashati arobaini chini, yote yamekwisha kunyooshwa!

Msimamizi akaingia, akauliza kulikoni. Nikasema upepo. Akatazama madirisha. Yamefungwa. Akatazama mguu wangu. Ulikuwa bado hewani.

Nimeyapiga pasi upya yote arobaini. Si hasara: mwendo wa pasi umenipa hatua ya kumi.

Jumatano, 5 Machi

Ujasusi. Nimekwenda kunyolewa kwa Kinyozi, ingawa nilinyolewa juzi. Nikazungumzia hali ya hewa, kisha nikamuuliza kijuujuu, kama mtu asiye na haja, kata yake ina hatua ngapi. Akasema tano.

Tano! Nikaangua kicheko. Mtu asicheke chini ya wembe. Nusu ya nyusi yangu ya kushoto imekwenda. Kinyozi aliomba radhi mara kumi, hata akajitolea kuipunguza na ya kulia ili zilingane. Nikakataa. Nilinusa njama.

Hata hivyo nimetoka nikipiga mluzi. Hatua tano! Watu husalimiana kwa muda mrefu kuliko huo.

Alhamisi, 6 Machi

Tatizo dogo. Nazisahau. Nikifika ya kumi na nne najikuta nimelikabili kabati la vyombo, wala sijui nimefikaje.

Nimejaribu mara tisa sebuleni. Mama mkwe, aliyekuja kututembelea wiki moja miezi minne iliyopita, alikuwa kitini akichambua mchele. Mara ya kumi, bila hata kuinua kichwa, akasema: "Mwanangu, ya kumi na tano ni goti. Halafu unageuka kulia, unalia kama mlango."

Nikamwambia kwa heshima kwamba ule ni mngurumo wa chui. Akasema haya, mngurumo, lakini goti kwanza.

Anazijua zote! Ishirini na saba! Kwa kutazama tu, huku anatoa mawe kwenye mchele! Pale pale wazo likanijia. Nimelala nikitabasamu.

Jumamosi, 8 Machi

Mpango umeiva. Mama mkwe atakaa mstari wa mbele kando ya Mwalimu, anionyeshe kila hatua kwa mikono. Kiganja juu, teke. Kiganja chini, goti. Mimi kazi yangu kufuata tu.

Mke wangu akasema ingekuwa rahisi kuzipunguza, hata nane zinatosha. Nikamjibu chui hapunguzwi. Akaenda zake kuanika nguo.

Mama mkwe amekubali kwa sharti moja: hakai kiti cha plastiki. Nimekibeba kichwani kiti chake cha sebuleni, pamoja na mto, hadi ukumbini.

Jumapili, 9 Machi

Kinyozi alitangulia. Hatua tano. Safi, kali, kimya. Watu walishangilia. Nikajikaza kisabuni, nikaingia.

Hatua kumi na moja za kwanza, moto! Nilimwona Mwalimu akiinua nyusi zote mbili. (Anazo.)

Kisha mama mmoja akaja kuketi ubavuni mwa mama mkwe. Kumbe walisoma pamoja, hawajaonana miaka thelathini! Mama mkwe akaanza kumpa habari. Naye akisimulia, husimulia kwa mikono. Nami macho yangu yalikuwa kwenye mikono.

Nikashika shavu. Nikapima vimo vya watoto watatu, mmoja baada ya mwingine. Nikafukuza nzi. Nikajifuta machozi. Nikaikumbatia hewa, nikaipigapiga mgongoni. Mwisho nikanyoosha kidole mbele, moja kwa moja kwa Mwalimu, nikatikisa kichwa kwa masikitiko. Baadaye ndipo nikajua: mama mkwe alikuwa akimwonyesha mwenzake mume wa bintiye.

Mwalimu akauliza kwa upole hiyo ilikuwa kata gani. Sijajibu, mama mkwe akainuka. Akaomba radhi, akasema kosa ni lake, kata ya mkwewe si hiyo. Akavua viatu. Akaicheza yote! Polepole, na teke la tisa liliishia usawa wa kifundo, lakini hatua zote ishirini na saba kwa mpangilio, na mngurumo juu. Ana miaka sitini na nane! Ukumbi mzima ulisimama. Nilipiga makofi hadi viganja vikawaka, ndipo nikakumbuka kata ni yangu.

Matokeo: Kinyozi, msaidizi. Mama mkwe ameombwa aongoze mazoezi ya wazee kila Jumamosi asubuhi. Mimi nimeombwa kupanga viti. Mwalimu akanishika bega, akasema kata ni nzuri kweli, ila mtu abuni kile ambacho mwili wake utakikumbuka. "Chache," akasema, "lakini ziwe zako."

Jumatatu, 10 Machi

Nimeyatafakari maneno ya Mwalimu njia nzima ya kwenda kazini. Maana yake iko wazi. Nilihitaji watu wawili mstari wa mbele, mmoja wa akiba.

Jambo la pili, zito zaidi. Wakati wa chai mama mkwe ametangaza kwamba ameiondoa hatua ya kumi na tisa, eti inaumiza viuno vya wazee. Kata yangu! Bila ruhusa! Na ameipa jina jipya: Chui Aliyepumzika. Nikamnong'oneza mke wangu kwamba hii sasa ni vita. Akanipa kikombe nikakioshe.

Nimejiandikisha kwa siri katika darasa la wazee, nikachunguze. Anayeandika majina ni msaidizi. Akaniuliza umri. Nikasema sabini na moja. Kinyozi alinitazama kitambo, kisha akaandika, akanitakia maisha marefu.

Na jioni hii naanza kata mpya itakayowanyamazisha wote. Hatua hamsini na nne! Nimebuni ya hamsini na nne kwanza, ili angalau hiyo nisiisahau.