Siku Kumi Chini ya Mama Kioo

Jumatatu, 4 Machi

Nimepangiwa mwalimu. Mwanamke. Miaka hamsini na minane, miwani minene, na kitambaa cha kufutia vioo kinachoning'inia mfukoni kama ulimi wa ng'ombe aliyechoka. Yadi nzima inamwita Mama Kioo. Ameendesha malori miaka thelathini na moja bila kukwaruza hata ndoo. Meneja alinipa habari hiyo kwa sauti ya mtu anayetangaza muujiza, kisha akanionyesha ubao ulio mlangoni mwa ofisi, wenye idadi ya siku za mama huyu bila ajali. Elfu kumi na moja na kitu. Meneja huibadilisha mwenyewe kila asubuhi, kwa kalamu nyekundu.

Masharti ni haya. Leseni ninayo, lakini kampuni haimkabidhi mtu lori kabla hajamaliza siku kumi za kazi na mwalimu, na mwalimu akasaini fomu kwamba anafaa kwenda peke yake. Asiposaini, narudi kwenye duka la magodoro la shemeji, kaka wa mke wangu. Nimebeba magodoro mwaka mzima tangu nilipofukuzwa shuleni baada ya miaka kumi na tisa ya kufundisha historia. (Nilimsahihisha mkaguzi mbele ya darasa. Alikuwa amekosea. Mpaka leo amekosea.) Shemeji hajaajiri mtu mahali pangu. Anasema ya nini, wakati mwenyewe anarudi?

Sirudi. Afadhali nilale sakafuni maisha yangu yote.

Somo la kwanza. Narudisha tela nyuma kwenye mlango wa ghala. Mama Kioo akaniambia nisimame, nishuke, nizunguke, niangalie, nipande. Nikaangalia. Hakuna kitu. Nikapanda, nikamwarifu kwamba hakuna kitu. Akasema vizuri, sasa rudi nusu, halafu shuka tena.

Mara tatu! Kwa mlango mmoja. Nikamuuliza kama vioo hivi viwili vikubwa kama madirisha vimewekwa vya kunyolea ndevu.

"Kioo hakioni mgongo wa tela, baba," akasema. "Shuka."

Ananiita baba. Inaweza kuwa heshima, inaweza kuwa dharau. Nimechagua dharau.

Jumanne, 5 Machi

Mkakati wa kwanza: kilemba cha ukoka. Hakuna mwanadamu asiyependa sifa, historia yote imejaa wafalme walioangushwa nazo.

Nimekuja na chupa ya chai, vijiko vinne vya sukari kila kikombe. Mama Kioo ana kisukari. Chai imenywewa na mlinzi wa geti, ambaye sasa ni rafiki yangu wa kufa na kuzikana na hana kalamu ya kusaini chochote.

Nikamwambia kwamba lori mikononi mwake linatii kama kondoo. Akasema kondoo ndiye mnyama anayekanyagwa zaidi barabarani, na je, nimeshuka?

Nikashuka.

Jumatano, 6 Machi

Kuna mwanafunzi mwenzangu, ana mwalimu mwingine. Alikuwa karani wa benki, tunamwita Karani. Miaka thelathini, mashati yaliyopigwa pasi mpaka yanakata. Yeye hushuka kabla hajaambiwa. Anachuchumaa. Anachungulia chini ya tela kama daktari wa meno. Leo aliponikuta nimeegemea tairi, nikipumua, alinishika bega.

"Mzee wangu, siri ni moja tu. Ukishuka, shukia moyoni."

Shukia moyoni! Mtu huyu alikuwa anagonga mihuri.

Nimeshuka mara kumi na nne leo. Usiku mama watoto alinikanda magoti, akauliza kwa upole kwa nini nisifanye tu anachosema mwalimu, siku kumi si mwaka. Nikamuuliza yuko upande wa nani. Akasema yuko upande wa magoti.

Alhamisi, 7 Machi

Mkakati wa pili, na huu umepikwa ukaiva. Kwenye yadi kuna sanduku la maoni ya wateja. Halijawahi kupata maoni. Nimeandika barua, nikajiita Mteja Aliyeridhika. Nimemsifu Mama Kioo kwa sentensi tatu, "na hasa mwanafunzi wake, mtu mzima mwenye busara, msomi, ambaye kwa jicho lake kali hana haja ya kushukashuka ovyo na kupoteza muda wa wateja."

Kumsifu mwalimu ni kumfunga mikono. Atamkatalia vipi sahihi mwanafunzi aliyempandisha chati?

Ijumaa, 8 Machi

Meneja ameisoma barua mbele ya watu wote asubuhi, kwa furaha ya mtu aliyepokea barua yake ya kwanza ya mapenzi. Karani alipiga makofi kabla ya wote. Fundi wa matairi aliuliza kwa sauti kama mteja huyo ni yule aliyekaa safu ya pili akitazama viatu vyake.

Meneja hakuelewa. Hilo ndilo tatizo. Aliamini kila neno, kisha akatangaza kwamba Jumatatu saa nne, mwanafunzi huyu hodari atawaonyesha wenzake namna ya kurudi nyuma mlango namba sita bila kushuka, maana mteja amesema na mteja ni mfalme. Mama Kioo alikataa. Meneja akasema mteja ni mfalme.

Tulipobaki wawili ndani ya lori, mama akafuta miwani yake kwa muda mrefu.

"Mteja huyu anaandika kama mwalimu wa shule," akasema.

Nikasema wateja siku hizi wamesoma.

"Jumatatu utashuka, baba. Wakucheke, wasikucheke. Mimi nitakuwa nimekaa pembeni yako na jina langu ndilo lililo ubaoni."

Nikamwahidi. Ahadi niliitoa kwa dhati, na ilidumu mpaka nilipofika nyumbani.

Jumamosi, 9 Machi

Ukifundisha miaka kumi na tisa, chaki haikutoki mfukoni. Saa ya mapumziko, yadi ikiwa tupu, nimelisogeza tela letu mpaka likabakiza shubiri moja kugusa jukwaa la kupakia mizigo la mlango namba sita. Hapo nikashuka (kwa hiari yangu, na iandikwe) nikachora mstari ardhini sawa na tairi la mbele la upande wangu. Mstari mwembamba, mweupe, mnyoofu. Jumatatu nitaufikia mstari, nitasimama, nitavuta breki. Sitatazama nyuma hata kwa jicho moja. Wakale jeuri yao.

Jioni shemeji alipita nyumbani. Alisema amefua aproni yangu. Nikamwambia aivae mwenyewe.

Jumatatu, 11 Machi

Sijui nianzie wapi.

Saa nne kamili. Watu kama ishirini wamejipanga, wote upande wa mbele, nashukuru. Meneja ameshika barua. Mama Kioo kando yangu, mkono kwenye dashibodi. Akasema, "Sasa simama, shuka." Nikasema nauona mstari. Akasema mstari gani?

Nikaufikia mstari. Barabara kabisa, tairi limeukata katikati. Mstari haukuwa na kosa, hilo lazima lieleweke.

Kosa ni la tela. Usiku wa Jumapili walikuwa wamelibadilisha. Tela la leo ni refu kuliko lile kwa hatua moja na nusu, jambo ambalo mtu angeweza kulijua kwa urahisi kama angelizunguka.

Sauti ilikuwa kama mtu anatafuna kabati. Tela liliingia juu ya jukwaa, likapasua mifuko ya sabuni ya unga iliyosubiri kupakiwa. Wingu jeupe likafunika mlango namba sita, namba tano na karani mmoja wa zamani wa benki, aliyekuwa amesogea karibu ili aone vizuri. Amepiga chafya mpaka saa sita. Hakuna aliyeumia. Ukingo wa jukwaa umebomoka, taa ya tela imekuwa unga na yenyewe.

Meneja alikuja na fomu ya ajali akaniuliza jina langu lote. Kabla sijajibu, Mama Kioo alikuwa ameshashuka.

"Andika mimi," akamwambia. "Mwanafunzi akigonga, aliyegonga ni mwalimu."

Meneja akamkumbusha ubao. Miaka thelathini na moja, mama. Akasema anajua kuhesabu, andika.

Nimesimama mlangoni mwa ofisi nikamwona meneja akifuta ile elfu kumi na moja na kitu kwa kiganja chake. Akaandika sifuri. Wekundu ulimbakia mkononi. Mama Kioo hakuangalia. Alikuwa anafuta vioo vya lori, vyote viwili, taratibu.

Nikaenda nyuma ya ofisi kunawa macho. Sabuni ya unga, bila shaka.

Jumanne, 12 Machi

Mchana nikamwomba radhi. Nilianza vizuri, kisha nikajikuta naeleza udhaifu wa utaratibu wa kubadilisha matela siku za Jumapili, bila taarifa ya maandishi. Akaniacha nimalize.

"Baba," akasema, "ukishuka unaogopa nini?"

Nilitaka kumwambia kwamba mtu aliyesimama mbele ya watoto miaka kumi na tisa, akishuka hadharani kwenda kuchungulia kama amekosea, tayari amekosea. Na kwamba duka la magodoro lina kioo kikubwa mbele, na wanafunzi wangu wa zamani hupita hapo.

Nikamwambia ni magoti.

Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa jambo jingine kabisa, akaniambia nishuke. Nimeshuka mara tisa. Hata mara moja hakupandisha sauti. Ningependa angenitukana.

Alhamisi, 14 Machi

Siku ya kumi. Meneja alisema jaribio ni moja: mlango namba tatu, tela lililojaa, na Mama Kioo asiseme neno. Akisaini, ninalo lori. Asiposaini, shemeji.

Sikulala. Alfajiri nikanywa birika zima la chai, kwa woga. Mama watoto alinitahadharisha. Nikamwambia wanaume hawatahadharishwi kuhusu chai.

Mpango wangu leo ulikuwa wa heshima. Nitarudi nyuma kwa vioo peke yake, polepole, vizuri sana, niwaonyeshe kwamba la Jumatatu lilikuwa ni tela tu. Nikaliweka lori sawa. Nikaingiza gia ya kurudi nyuma. Hapo birika likanikumbuka.

Si kunikumbuka kwa adabu. Nikavuta breki, nikafungua mlango, nikashuka kwa kasi ambayo sijawahi kushuka nayo tangu nianze, nikapita nyuma ya tela kwa sababu choo kiko upande ule. Nyuma ya tairi la mwisho, mahali ambapo kioo hakifiki, mtu alikuwa ameacha toroli. Lilinizibia njia. Nikalisukuma kando kwa teke, nikaenda zangu.

Niliporudi, nikiwa mtu mwepesi, Mama Kioo alikuwa ameteremsha kioo cha dirisha na kutoa kichwa nje. Alikuwa ameona kila kitu isipokuwa nilikokuwa naenda. Nikapanda, nikarudi nyuma, nikaligusa jukwaa kama mtu anayemlaza mtoto. Meneja akapiga makofi.

Fomu ilikuwa juu ya mapaja ya Mama Kioo. Akavua miwani.

"Umeshuka bila kuambiwa," akasema. Sauti yake haikuwa ile ninayoijua. "Jana nilimwambia mume wangu huyu sitamsainia. Nilimwambia anajua kila kitu, kwa hiyo hafundishiki. Nimekosea, baba."

Nilifungua mdomo. Kisha nikaufunga. Safari iliyopita nilimsahihisha mtu nikapoteza kazi. Nami hujifunza.

Akasaini. Mwandiko mdogo, wa mviringo. Akanipa na kile kitambaa chake cha vioo, akasema anacho kingine.

Nimempigia shemeji simu. Nimemwambia aproni ni yake, na magodoro, na lile duka.

Jumamosi, 16 Machi

Safari yangu ya kwanza peke yangu. Mzigo: vigae. Nimefika kwa mteja mapema, bila tatizo lolote njiani.

Bohari la mteja liko mwisho wa kichochoro, ukuta upande huu na ukuta upande ule, na kibanda cha mlinzi pembeni. Mlinzi alinijia akaniambia madereva wote hushuka kwanza waangalie, maana kichochoro hubana kadiri unavyoingia. Nikamwonyesha sahihi. Nikamweleza kwamba kuna kushuka kwa wanafunzi na kuna kukaa kwa wenye fomu.

Nimerudi nyuma vizuri mno. Mnyoofu kama rula. Milango ya lori haifunguki, wa kushoto umeegemea ukuta na wa kulia umeegemea ukuta mwingine. Nikisogea mbele, paa la kibanda linakuja nami, kwa kuwa limejishika kwenye pembe ya tela. Mlinzi yuko ndani ya kibanda. Anagonga bati na kuniomba nisisogee. Nimemwambia atulie, fundi wa kukata chuma ameshaitwa, atakuwa hapa baada ya saa mbili.

Mama Kioo alipiga simu kuuliza nimefikaje. Nikamwambia lori limetulia mahali pake, halisogei hata kidogo. Akacheka, kwa mara ya kwanza nimemsikia akicheka. Akasema ubaoni leo ameandikiwa siku ya tano, na kwamba ameshawaambia watu wote mimi ni mwanafunzi wake.

Saa mbili ni muda wa kutosha kwa mtu anayejua kuutumia. Nimeandika barua mbili. Ya kwanza, kurasa tatu, ni kwa mwenye ukuta, kuhusu wajibu wa kuta katika jamii. Ya pili ni kwa meneja: naomba nafasi ya mwalimu wa madereva. Nimetaja uzoefu wangu wa miaka kumi na tisa, nimemtaja Mama Kioo kuwa mdhamini, na nimeeleza kwa ufupi falsafa yangu, kwamba dereva aliyefundwa vizuri hujulikana kwa kutulia kwenye kiti chake.