Shubiri ya Anko Maxwel

Jumatano, 13 Agosti

Sijawahi kumwambia mtu yeyote jambo hili: ninapenda asubuhi ambazo Anko Maxwel anaamka na hangova. Siku nyingine hunipita kama kiti. Akiwa na hangova huniita Nekoye wangu, huniomba maji kwa sauti ya chini, na hunisikiliza. Leo nilimweleza kazi ya ini mwanzo hadi mwisho. Hakunikatiza hata kidogo. Macho yalikuwa yamefungwa, lakini alikuwa akisikiliza.

Tatizo ni Jumamosi. Tunakwenda Olenguruone kumposea Anko mchumba wake, Jepkemei. Jepkemei anauza katika duka la dawa hapa mjini, na ndiye mtu pekee anayeniazima vitabu bila kuuliza nitarudisha lini. Ninamtaka awe anti yangu kuliko ninavyotaka kupita hesabu. Baba yake, Mzee Kimeli, ni mzee wa kanisa na hajawahi kuonja pombe. Inasemekana alimfukuza mchumba wa dada yake Jepkemei kwa sababu ya macho mekundu. Baadaye ikajulikana lilikuwa vumbi tu. Hakumrudisha.

Na Ijumaa, mafundi wenzake Anko, wale wanaochomelea mageti naye, wanamfanyia karamu ya kuaga ukapera. Mama amemwomba, kama dada kwa kaka, asiende. Anko amesema atakunywa soda. Mama amesema hata yeye hujiambia atapunguza chumvi.

Kwa hivyo, mpango. Nitatengeneza dawa ya kutoa lock, kama wanywaji wanavyosema, yaani ya kumfungua mtu hangova ikamwachilia. Ya mitishamba. Leo nilimjaribia tangawizi na ndimu. Saa nane alikuwa ameketi anakula ugali. Ushindi.

Binamu yangu Natalie, tunayelala chumba kimoja na ambaye ana maoni juu ya kila kitu, amesema mtu akilala mpaka saa nane ataamka vizuri hata ukimpa maji ya mtaro. Wivu.

Alhamisi, 14 Agosti

Utafiti siku nzima. Tangawizi haitoshi kwa karamu ya mafundi. Nimesoma kitabu cha mimea, kile alichoniazima Jepkemei. Mshubiri! Kitabu kinasema ute mweupe wa katikati ya jani hupakwa kwenye ngozi, lakini maji ya manjano yaliyo chini ya ganda yamwagwe, kwa sababu huendesha tumbo vibaya sana. Nimerudia sehemu hiyo. Nadhani mwandishi ni mwoga. Hangova ni sumu mwilini. Sumu inatakiwa kutoka. Unamwagaje kitu kinachoitoa?

Tena Mama husema dawa isiyo chungu ni juisi.

Nilikwenda kukata majani kwenye ua wa jirani yetu, Mzee Okeyo. Zamani alikuwa gadi wa treni, na sauti yake bado inasikika hadi stesheni, ndiyo maana Mama amemwomba awe msemaji wetu Jumamosi. Akanikuta na kisu. Badala ya kukasirika alisema hata kwao kuku wakiugua huwekewa shubiri kwenye maji. Akauliza ni wangapi wanaoumwa. Nilisema mmoja. Mkubwa.

Jioni Natalie ameniuliza nimemjaribia nani. Nimemwambia dawa bado iko katika hatua za mwanzo. Amesema, basi Profesa, hatua ya mwanzo si ni wewe? Nimechovya ncha ya kidole kwenye maji ya manjano, nikalamba. Ulimi haukuonja kitu hadi chakula cha usiku. Dawa kali. Nimefurahi.

Ijumaa, 15 Agosti

Anko amerudi ameshikwa huku na huku na mafundi wawili, akiimba nyimbo za harusi yake mwenyewe. Mama ameuliza hiyo ni soda ya kampuni gani. Fundi mmoja amejibu, "Mathe, soda ilikuwa ya mwisho."

Chupa iko tayari chini ya kitanda. Natalie anasema inanuka. Dawa gani hainuki?

Jumamosi, 16 Agosti

Nitaandika kwa mpangilio.

Asubuhi Anko aliamka na uso wa rangi ya majivu. Alikuwa ameshameza tembe za maumivu kutoka mfukoni mwa koti, hakumbuki ngapi. Nikampa chupa. Akauliza anywe kiasi gani. Kumbe jambo hilo sikuwa nimelifikiria! Nikasema kikombe. Akanywa, akalia machozi, akasema, "Nekoye wangu, hii ni dawa kweli."

Njiani, hadi Njoro alikuwa mzima. Molo aliomba dereva asimamishe gari. Keringet pia. Kisha akaomba mahali ambapo hapakuwa na chochote ila shamba la kabeji. Mama alidhani ni woga wa bwana harusi. Akamshika bega akimwambia hata baba yao alitetemeka alipokwenda kuposa.

Kwa Mzee Kimeli tulipokewa vizuri. Tukapewa mursik kutoka kwenye kibuyu, maziwa mala yenye majivu, baridi na matamu. Kisha mlango ukafungwa. Desturi ya boma lile ni kwamba mazungumzo yakianza hakuna atokaye, na hakuna asemaye ila wasemaji wawili, wetu na wao. Mtu mwingine akiwa na neno humnong'oneza msemaji wake.

Anko alitoka. Bila kuomba. Akarudi, akakaa, akatoka tena. Safari iliyofuata hakurudi. Kaka yake Jepkemei alimkuta nyuma ya choo, ameketi chini kwenye matope na nguo zake za kuposa, hawezi kusimama. Wakamlaza kwenye benchi barazani.

Msemaji wao, ndugu yake Mzee Kimeli, alikifunika kibuyu. Halafu akasema polepole kwamba tangu enzi za babu zao hakuna mgeni aliyewahi kuugua kwa maziwa ya boma hili. Kila mtu wa upande wetu akatazama kikombe chake. Mzee Kimeli akavaa kofia yake, kama mtu anayeondoka. Ndani ya nyumba yake!

Shangazi mmoja wa kwao akaingia na sufuria ya mizizi iliyochemshwa, eti ya kufunga tumbo. Jepkemei akaingia nyuma yake, jambo ambalo bibi harusi hafanyi, akauliza Anko amekunywa nini leo, asije akapewa dawa juu ya dawa. Mama akajibu kupitia Mzee Okeyo kwamba ni chai tu. Masikini, hiyo ndiyo aliyoijua.

Nikisema, watajua habari ya Ijumaa, na Jepkemei ninamkosa. Nisiposema, maziwa yao yanasingiziwa na Anko ananyweshwa mizizi. Natalie akanikanyaga mguu. "Profesa," akanong'ona, "ongea ama niongee." Mimi hata darasani najibu kwa kuandika.

Nikavuta koti la Mzee Okeyo, nikamnong'oneza. Akasimama. Akakohoa. Akasema kwa ile sauti ya stesheni: "Wazee, upande wetu una neno. Mtoto huyu ameleta shubiri."

Wakashauriana. Msemaji wao akajibu kwamba hawakuwa wameomba shubiri, lakini zawadi haikataliwi, na je, iko kwa majani ama kwa chupa?

Mzee Okeyo akainama. Nikamnong'oneza tena. Akanyooka.

"Wazee, tayari imefika. Iko ndani ya bwana harusi."

Jepkemei akanijia moja kwa moja, akapiga magoti mbele yangu, akauliza ni kiasi gani. Basi nikasema. Kikombe. Maji ya manjano. Tembe. Akauliza kwa nini. Nikasema Ijumaa. Nadhani nilitaja hata nyimbo.

Alimnyang'anya shangazi sufuria akaimwaga nje. Mzee Kimeli mwenyewe ndiye aliyeendesha gari hadi kliniki. Anko alitundikiwa maji mpaka jioni. Daktari alisema midomo yake ilikuwa imekauka kama ya mtu aliyetembea jangwani.

Jumapili, 17 Agosti

Anko amelala kitandani, macho wazi. Anatazama ukuta.

Jepkemei amepiga simu na kuomba kuongea na mimi, si naye. Amesema pombe pekee ilikuwa imemkausha, na mimi nikamkausha zaidi. Kwamba ini na figo zilikuwa na kazi ya pombe na tembe, nami nikaziongezea mzigo. Kwamba chumvi za mwili zikipotea vile, hata moyo unaweza kuvurugika. "Majani pia ni dawa, Nekoye. Na dawa haikisiwi." Hakuna jani linalotoa hangova, amesema, ni maji, chakula, usingizi, na akitapika bila kuacha au akichanganyikiwa, hospitali. Nimesema nimeelewa. Nimeelewa kweli.

Nikamuuliza kama bado atakuwa anti yangu. Akasema baba yake ameridhika kuwa maziwa hayana hatia, na kwamba Anko akikaa mwaka mzima bila pombe arudi agonge mlango. Yeye mwenyewe atangoja. Lakini hatangoja siku moja baada ya hapo.

Nimempelekea Anko ujumbe huo pamoja na maji ya chumvi na sukari. Amekunywa yote. Kisha ameniambia niondoke polepole bila kugusa kitu.

Jumanne, 19 Agosti

Siku ya kuudhi. Mama ameng'oa hata mmea wa maua kibarazani, kwa usalama. Natalie amesimulia mtaa mzima, na kila anaponiona mtoto wa jirani anauliza kama kuku wao wako salama.

Alasiri, Mama akiwa sokoni, Mzee Okeyo alibisha mlango ameshika kichwa. Tangu Jumamosi marafiki wanampongeza kwa usemaji wake, na pongezi zao zote zilikuwa za chupa. Aliomba maji tu.

Nilimpa maji. Nilikusudia kuishia hapo. Lakini nimefikiri kwa makini, na kila alichokisema Jepkemei kinahusu vitu vinavyomezwa. Tumbo, ini, figo. Hakusema lolote juu ya mvuke.

Nilichuma majani ya mkaratusi nyuma ya kanisa. Nikayachemsha katika sufuria kubwa. Nikaongeza pilipili, kwa sababu mkaratusi peke yake ulikuwa hafifu. Nikamkalisha Mzee Okeyo kwenye kigoda, nikaweka sufuria miguuni pake, nikamfunika blanketi kichwa hadi sakafuni. Alianza kukohoa. Nikamwambia ndiyo inafanya kazi. Natalie alikuwa amesimama mlangoni, ameziba mdomo. Nilimwomba alete blanketi la pili.