Kamera Ndogo Inatosha, na Hilo Ndilo Lalamiko Langu

Margilan, mtaa wa wafuma hariri

Kwako Ndugu Mhariri,

Assalamu alaykum wa rahmatullah. Gazeti lako hutufikia likiwa limeshasomwa na dereva wa basi, shemeji yake na muuza nyama, kwa hiyo ukiona lalamiko langu limechelewa usidhani ni dharau. Natumaini u mzima. Mama yako kama yu hai, mpe salamu zangu kabla hujaendelea kusoma, maana yeye atanielewa kuliko wewe.

Mimi ni Robiya, mjane. Nilikuwa mfuma hariri mpaka macho yalipostaafu; mikono bado inadai kazi. Shule sikufika nayo mbali, basi nikikosea mahali nisahihishe kimyakimya. Mwanangu Odil yuko Urusi anajenga maghorofa ya watu wengine. Nyumbani tumebaki wawili, mimi na mkewe, Muattar. Odil ndiye aliyemtumia kamera, ile ya kidijitali wanayouziwa watu wanaoanza, ya plastiki, nyepesi kuliko upawa wangu wa pilau.

Sasa ukurasa wako wa ushauri ukaandika kwamba kamera ya namna hiyo inatosha kabisa kwa mtu anayejifunza kupiga picha. Muattar alinisomea maneno hayo wakati wa chai, mbele ya majirani, kwa sauti ya upole ambayo ilipaswa kunishtua. Kumbe huko Tashkent kuna mafunzo ya kupiga picha, na yeye anatamani kwenda. Mimi nikasema, tena kwa sauti, wote wanisikie: "Vema. Kidude hicho kikitosha kujifunzia, nitakupa fatiha yangu uende."

Unajua mambo yetu. Mtu hatoki safari wala haanzi kazi mpaka mkubwa wa nyumba ainue viganja amwombee. Bila fatiha, hata ufike Tashkent hujafika. Nami nilitoa ahadi hiyo kwa moyo mkunjufu, kama mtu anayemwambia paka kwamba siku akisali ataruhusiwa kuingia msikitini.

Paka amesali, Ndugu Mhariri. Ndiyo maana nakuandikia. Malalamiko yangu nayapanga hapa chini.

1. Kamera hiyo haioni mbali. Lenzi iliyokuja nayo ni fupi, haivuti kitu cha ng'ambo ya barabara kikaja karibu. Nilipolijua hilo nilishukuru, nikasema atachoka wiki hii hii. Badala ya kuchoka, akaanza kutembea. Kama kamera haimvuti mtu aje karibu, yeye anamfuata mtu. Muattar huyu nilimchagua mwenyewe kwa sababu alikuwa akimimina chai bila kuinua macho, na sauti yake ukitaka kuisikia ilibidi uzime redio. Sasa anakwenda mpaka kwenye tanuri la Salomat muoka mikate. Salomat anamwambia, "Sogea mwanangu, mimi siumi, tanuri ndilo linalounguza." Naye anajibu, "Geuka kidogo kushoto, shangazi, kivuli kinakula jicho lako moja." Kumwamuru Salomat ageuke. Marehemu mumewe alijaribu miaka yote ya ndoa akashindwa.

Angekuwa na lenzi ndefu kama bomba la jiko, angekaa dirishani akapiga picha za watu kwa mbali, heshima ikabaki mahali pake.

2. Kamera hiyo ni dhaifu gizani. Chumba kikiwa na mwanga hafifu, picha inatoka na chenga kama uji uliopikwa na mwanamume. Hapo nilisujudu, nikasema Mwenyezi Mungu amesikia. Lakini kwa kuwa kamera haitafuti mwanga, Muattar anautafuta. Amelisogeza sanduku langu la mahari kutoka dirishani, ameuhamisha mrundo wa magodoro ya wageni, na pazia alilofuma mama mkwe wangu amelifungia pembeni kwa kamba, kama ndama. "Mama, tazama mwanga unavyoingia saa hii," ananiambia. Mimi nilitazama mara moja tu, kwa adabu. Tangu siku hiyo siwezi kunywa chai bila kuona mvuke umepata mwanga wa nyuma. Sikuomba kujua jambo hilo. Nilikuwa mtu mzima mwenye amani.

3. Kamera hiyo haidanganyi, na hili ni zito. Harusini kwetu huja mpiga picha wa kukodi, ana taa mbili na mashine ya bei ya ng'ombe mwenye ndama. Maharusi wake wote hutoka wamefanana, weupe kama waliopakwa unga, hata mama mzazi hukisia yupi ni wake. Ndiyo desturi na hakuna aliyelalamika. Basi jirani yangu Karomat akamwoza bintiye. Asubuhi ya pili, bibi harusi alisimama chini ya shela kuwainamia wakwe mmoja mmoja, macho chini, anavyotakiwa. Mama mkwe akakanyaga pindo la gauni lake mwenyewe, akajikuta amekaa juu ya sinia la halua. Bibi harusi akacheka ndani ya shela. Wanaume hawaingii pale, yule wa kukodi alikuwa uani anakula. Muattar alikuwa ndani, na kwa ile lenzi yake fupi alikuwa karibu mno.

Karomat alipoiona picha hiyo alilia. Akasema, "Huyu ndiye mwanangu. Wale wengine kwenye albamu ni wapangaji." Siku hizi wanawake wanapita nyumba ya yule bwana mwenye taa, wanakuja kugonga kwangu. Mmoja wao akanieleza bila kupepesa macho, "Dada Robiya, kamera ya mkweo ni mwanasesere, lakini pua yangu ndani yake ni pua yangu." Nilimpa chai.

Mimi mwenyewe alinipiga picha nikikunja uzi, mikono tu. Miaka hii nilidhani mikono yangu imechakaa. Kwenye picha nikaona imefanya kazi. Hilo silihesabu katika malalamiko, nimelitaja kwa ajili ya haki tu.

4. Jambo hili limefika kwa Mola kabla sijalimaliza hapa duniani. Tulikuwa na kisomo kwa Karomat. Baada ya pilau, Bibi Inoyat, mwalimu wetu wa dini wa kina mama, akainua viganja, tukainua. Dua zake ni ndefu: akaomba mvua, akaombea viwavi vya hariri vishibe majani, akaombea vijana walioko ugenini. Mimi nilikuwa nimeshiba na mto ulikuwa laini. Nilichosikia ni wenzangu wakisema amin, nami nikasema amin, nikapangusa uso kwa viganja kama kila mtu. Nilipofumbua macho, wanawake wanambusu Muattar. Kumbe katikati, baina ya viwavi na ugenini, Bibi Inoyat alimwombea "huyu anayekwenda Tashkent kujifunza, kwa ridhaa ya mama mkwe wake."

Nikamfuata kando. Nikamuuliza, "Bibi, amin ya mtu aliyekuwa akisinzia inashika?" Akasema, "Inashika kuliko ya aliye macho, haina ria." Nikamuuliza kama inaweza kurudishwa. Akanitazama. "Umewahi kuona maziwa yakirudi kiweleni, Robiya?" Nilipomsihi sana, akaniachia mlango mmoja. Alisema ahadi yangu ilikuwa na sharti, kwamba chombo kitoshe. Ikitokea gazeti lile lile lililosema kinatosha likasema hakitoshi, basi amin yangu ilisimama juu ya kosa, na Mwenyezi Mungu ni mwingi wa kusamehe.

Kwa hiyo mlango huo ni wewe.

5. Nitakuambia na hili, kwa kuwa hunijui na hatutakutana. Odil akipiga simu mimi humwambia yote ni mazuri. Muattar akiondoka, mazungumzo yangu yatakuwa na mforosadi wa uani na yule kuku mwenye kilema. Asubuhi yeye hunikohozea mlangoni kabla ya kuingia, nijue ni yeye. Huwezi kujua kikohozi kidogo kama kile kinavyojaza nyumba.

Ninaloliomba ni dogo. Andika, kwa herufi kubwa, kwamba mlikosea. Sema kamera ya wanaoanza haifai kwa wanaoanza, na kwamba mtu ajifunze kwanza kwa ile ya ghali kuliko zote, halafu akishakuwa bingwa ashuke polepole mpaka kwenye hii ya plastiki. Sema kamera ya kweli hubebwa na punda, na punda wa pili abebe lenzi. Washauri watengenezaji waweke mawe ndani ya hizi ndogo, zichoshe mkono. Na kama una jamaa serikalini, mwombe atoe agizo kwamba mwanga wa asubuhi usiingie madirishani bila kibali cha mama mwenye nyumba.

Ningeyasema mwenyewe, lakini yatakuwa uongo, nami nafunga Jumatatu na Alhamisi. Ninyi mnachapisha utabiri wa hali ya hewa kila siku na bado mnakula na kulala vizuri, basi mmeshazoea.

Nisalimie wafanyakazi wote wa gazeti, na anayepanga herufi, na mke wake, na yule aliyeandika ushauri ule ingawa amenikosea. Salomat anawasalimu. Karomat anawasalimu. Muattar naye anawasalimu bila kujua ninawaandikia nini. Amepita hapa akasema nisogee dirishani, nitaharibu macho.

Ni mimi niliye katika dua na udhia,
Robiya, mama yake Odil

Nyongeza: Hilo sahihisho tafadhali lisitoke kabla ya Jumatano. Muattar anasafiri Jumanne, na magazeti huuzwa pale pale kituoni. Ni mtoto mtiifu, akilisoma atashuka kwenye basi. Mkate wake wa safari, ule ambao kwetu msafiri huuma kidogo na unaobaki humngoja arudi, nimeuoka mwenyewe. Ameshauuma pembeni kabla ya siku yake, kwa haraka ya ujana, nami nimeutundika ukutani kando ya ule wa Odil, umngoje arudi aumalizie. Nimeulinganisha na wa mumewe. Meno yake ni madogo, lakini yamekwenda ndani zaidi.