Nyota ya Burma kwenye Koti la Madoadoa

Joram Owiti aliposikia kwamba Mama Dorca, mwenye hoteli ya kifahari kule Dunga, anatafuta vitu vya vita vya zamani apambe mapokezi, alimshukuru Mungu kwa kuwaumba matajiri wasio na kazi. Akapitia soko la Kibuye, akanunua askari wadogo wa plastiki, wale ambao watoto huwatafuna vichwa, akaenda nao kwake Migosi. Madoadoa ya kijeshi aliwapaka kwa rangi ya kucha. Uzee aliwapa kwa jivu na majani ya chai.

Joram hakuwa tapeli wa kubahatisha, jamani. Alijua tajiri humeza uongo mwingi akionjeshwa kitu kimoja cha kweli. Basi akaingia Nyalenda kwa mama yake, Perez, akafungua sanduku bila ruhusa, akachomoa nishani, nyota ya shaba aliyopewa babu yake kwa kupigana Burma kwenye vita vya pili vya dunia. Angeirudisha jioni, kwani shida iko wapi? Jumapili ukoo mzima ungekuja kumkumbuka mzee, na nyota ile huwekwa kando ya picha yake. Perez alishaapa zamani kwamba atakayeipoteza asikanyage tena kwake, hata siku ya kumzika.

Joram akaibandika kifuani, kwenye koti la madoadoa alilookota mitumbani, akaenda Dunga.

"Mama, hawa ni kazi ya babu yangu, huko huko Burma," alisema akiwapanga askari mezani. "Walitumika kufundisha watu kujificha. Si unajua Wafaransa kwenye vita vya kwanza waliajiri wachoraji wapake mizinga madoa?"

"Na babu aliwatengeneza kwa plastiki?"

"Utomvu, mama. Miti ya kule ni mingine."

"Yawa! Na askari wetu wa KAR walivaa madoadoa haya?"

"Kofia mpaka soksi!"

KAR, jeshi la Waafrika chini ya Mwingereza, walivaa kaki, kisha kijani kitupu, lakini Joram hakuwa mtu wa kusumbuliwa na historia. Mama Dorca hakubisha. Macho yake yalikuwa kwenye nyota.

"Mbona hiyo haina jina la mwenyewe?"

"Wazungu hawakuandika, mama. Lakini hiyo siuzi."

"Kwani nani ameuliza bei?"

Akammiminia chai, akaenda dirishani kidogo, akarudi amebadilika uso.

"Mwanangu, umetembea na koti hilo barabarani? Wakubwa wa polisi wako hapo nyuma wanakula samaki! Raia ndani ya magwanda ya jeshi, unataka kuozea ndani?"

Joram akatupa jicho mlangoni. Sheria nyingine zote aliziona kama ushauri, lakini ya magwanda aliiogopa.

"Vua haraka! Nitalificha jikoni. Pita mlango wa dobi!"

Alikimbia na fulana tu, askari wake wakibaki mezani, akimshukuru mama wa watu kwa moyo wake mzuri, hadi Nyalenda. Hapo ndipo alipojishika kifua. Nyota!

Kesho yake alfajiri alikuwa mapokezi. Nyota ilikuwa ukutani, ndani ya kioo, na chini yake maandishi: "Ya marehemu babu yake mwenye hoteli."

"Mama, hiyo ni yetu," Joram alisema.

"Yenu si ilikuwa kwenye koti? Koti lilichukuliwa na polisi. Nenda kituoni ukaliulize, watataka tu kumjua mwenyewe."

"Mama, nakuomba. Jumapili tunamkumbuka mzee. Mama yangu atanifukuza, haki ya Mungu!" Machozi yalimtoka, na kwa mara ya kwanza hakuwa ameyapanga.

Watalii wawili wakaingia. Mama Dorca akawasogeza ukutani, akafuta jicho, akaanza kusimulia jinsi babu yake alivyovuka mto wa Burma akimbeba mwenzake mgongoni. Alisimulia vizuri kumshinda Joram.

"Kijana," alimwambia, akimkabidhi simu ya mtalii, "tupige picha na nyota ya babu."

Joram akapiga. Simu yake mwenyewe ikaita mfukoni.

"Joram," Perez alisema, "nimefungua sanduku nipanguse nyota ya mzee. Uko wapi?"