Mbili na Mbili, na Harusi ya Peris

Kwako Bwana Hamdan, kafili wetu, mdhamini wa ajira zetu, Riyadh.

Baba, pokea salamu kutoka nyumbani kwako Al-Hamra, Jeddah. Ni mimi Hezekiah, dereva wako, niliyekupeleka huko Riyadh kwa saa sita, magurudumu yakigusa lami kwa adabu tu. Naandika kwa heshima, tena kwa hasira, juu ya mpwa wangu Peris, mpishi wako. Harusi yake ni tarehe kumi na nne huko Kakamega, na madam, mkeo, bado hajamtolea ruhusa ya kutoka nchini.

1. Mkataba wake uliisha Februari. Madam akasema, "Ngoja dada zangu waje." Wakaja, wakala, wakaondoka. Sasa wanakuja wengine. Baba, kwani una mashemeji wangapi?

2. Nilimwuliza madam hiyo ni haki gani. Akajibu, "Hezekiah, humu ndani haki ni nitakavyo mimi. Yalla, haraka, lete gari." Gari nililileta, lakini niliumia.

3. Yule Hamdun, mwenye asili ya Zanzibar kama wewe, anayeuza vitabu vikuukuu mtaani Ghulail, alinisomea habari za Wazungu wa zamani waliovaa nywele za bandia. Walisema haki ni kama hesabu: mbili na mbili ni nne hata mfalme akinuna. Mungu mwenyewe hafanyi jambo liwe haki kwa kulitaka. Analitaka kwa kuwa ni haki. Hayo mimi niliyawaza darasa la sita, kabla mwalimu hajanionea wivu nikaacha shule.

4. Basi haki ikigeuzwa jikoni kwako, hesabu nazo zitageuka. Mbili na mbili zikiwa tano, wewe mhandisi utapimaje nguzo? Lile jengo lako la Riyadh litalala chini, na chanzo ni jikoni! Mimi nami sitaendesha gari nisilojua lina magurudumu mangapi.

Kwa hiyo mwamuru madam kabla ya Alhamisi, uokoe hesabu, Riyadh na bwana harusi.

Naishia hapa nisije nikaangusha miji zaidi. Wasalimie wote ofisini, hasa yule mpika chai.

Wako kwa ulazima,
Hezekiah, dereva na mwanafalsafa.

N.B. Baba, kabla sijafunga bahasha, madam ametoa ruhusa! Nikamwuliza ni hoja yangu ipi iliyomshinda. Akasema, "Hoja gani? Nimeamka na furaha tu." Basi haki ni atakavyo madam, na Mungu amzidishie kutaka. Namba 3 na 4 zifute. Peris anaruka kesho saa nne asubuhi; mpaka hapo, nakusihi, usimpigie mkeo simu ukamwudhi.