Miwani ya Asidi Liliyovishwa Sanamu

Kwa Katibu,
Chama cha Wakulima wa Mpira, Kuttimala, Kerala.

Ndugu Katibu,

Kwa miaka mingi nimesumbuliwa na swali moja: kwa nini mtu anayeogopa kijicho cha jirani haogopi asidi inayoweza kumpofua? Nimesomea kemia hadi shahada ya uzamili, na jibu sina. Malalamiko ninayo.

1. Mlimgawia baba yangu, Mzee Kurian, miwani na glavu za kumkinga anapogandisha utomvu wa mpira kwa asidi ya fomiki. Vyote amelivisha sanamu la majani makavu linalokinga kijicho kwenye nyumba tunayojenga. Katika kaya yetu, basi, anayetii kanuni zenu ni mmoja tu, naye hana ngozi ya kuungua.

2. Mwezi uliopita Appachan, yaani baba, alimimina maji kwenye asidi, badala ya asidi kwenye maji. Ikamrukia jicho la kushoto. Daktari amesema likirukiwa tena, limekwenda. Nilipomsihi avae miwani alinijibu, "Mwanangu, macho ninayo mawili. Nyumba ninayo moja."

3. Dumu la asidi analiweka kwenye banda la kukaushia mpira kwa moshi, hatua mbili kutoka motoni. Nilipowaonyesha yeye na jirani yetu Ouseph picha ya mwali wa moto kwenye lebo, Ouseph aliwasha kiberiti, akainama aione vizuri. "Mbona hailipuki?" akauliza. "Binti, hicho chuo kilikufundisha woga tu."

4. Kwa hiyo naomba, kwa unyenyekevu, sanamu liandikishwe uanachama, lipewe cheti cha usalama, na kazi yote ya asidi likabidhiwe lenyewe. Ikishindikana, mwandikieni Appachan barua yenye muhuri, mkimwamuru avae miwani. Mimi hanisikii, muhuri anauogopa.

Nakiri hoja yangu ina ufa. Tangu sanamu lisimame, hakuna fundi aliyeanguka. Kitaalamu hilo halithibitishi kitu. Lakini kulipima kungetaka tuliondoe sanamu kwanza, na nyumbani mwetu hakuna aliyekubali, mimi nikiwamo.

Wajumbe wote nawasalimu, pamoja na mkeo na wale mapacha.

Wako mtiifu,
Lizamma Kurian

Nyongeza: Leo asubuhi mama amelia, Appachan akakubali. Nimelivua sanamu miwani, naye ameivaa. Ila sanamu lilibaki limekodoa macho, sikuweza kuliacha hivyo. Nimelivisha yangu ya maabara. Kesho kuchanganya asidi ni zamu yangu, kwa hiyo tafadhali harakisheni miwani nyingine.